Siku moja maishani mwangu: ubao ndani ya mnazi

Saa 11:40 alfajiri

Naamka nakuta jumbe arobaini na moja kwenye simu, na zaidi ya nusu zimebeba picha ileile. Mnazi umesimama wima. Ubao umeingilia upande mmoja wa shina na kutokezea upande wa pili, kama sindano iliyoachwa kwenye kitambaa. Chini ameandika mtu: "Upepo wa jana usiku, kilomita 400 kwa saa. Mungu atunusuru." Na chini yake watu wameshatoa hukumu. Feki. Hiyo ni akili mnemba. Hata mtoto mdogo anaona.

Mimi ni mhakiki wa picha kwenye chumba cha habari. Dhoruba ikipita, siku mbili tatu sina kazi nyingine. Naomba niseme mapema ninachokiamini: picha kuwa ya ajabu si ushahidi kwamba ni ya uongo. Upepo mkali hufanya mambo ya ajabu, ndiyo maana watu wanaupiga picha.

Saa 1:00 asubuhi

Bado siichunguzi yenyewe. Kwanza naitafutia ndugu zake. Naipandisha Google na TinEye, mitambo ya kutafuta picha zinazofanana, ikiwa nzima, kisha vipande vipande, kisha nimeigeuza kushoto kuwa kulia, maana wanaoiba picha za zamani hupenda kuzigeuza hivyo ili zisitambulike.

Ndugu mmoja anajitokeza haraka, mzee wa karibu miaka mia. Ni picha kutoka Puerto Rico, kimbunga cha San Felipe cha 13 Septemba 1928: ubao umetoboa mti wa jamii ya mnazi, ukatokea ng'ambo. Imetunzwa kwenye maktaba ya picha ya NOAA, taasisi ya Marekani ya bahari na angahewa. Si picha yetu, mti ni mwingine kabisa. Lakini inaniambia mambo mawili kwa pamoja, na yote nayaandika kwenye daftari: jambo hili linawezekana, na anayetaka kughushi ana mfano mzuri wa kuigiza.

Saa 2:15 asubuhi

Kikao cha asubuhi. Mhariri wa zamu ana haraka, na simlaumu. "Kaka, si tuiite feki tuendelee? Wote wameshasema."

Namkumbusha habari ya papa. Mwaka 2011, baada ya kimbunga Irene, ilisambaa picha ya papa akiogelea kwenye barabara iliyofurika huko Puerto Rico. Papa mwenyewe alikatwa kutoka picha halisi iliyochapishwa 2005, ya papa akifuata kayaki katika bahari ya Afrika Kusini. Ile ya kughushi ikawa inarudi mafuriko hadi mafuriko. Houston 2017 ilirudi tena. Watu wakakariri: ukiona papa barabarani, ni uongo. Halafu Septemba 2022, kimbunga Ian kilipopiga Florida, ikatoka video ya samaki mwenye mapezi akijitupa kwenye ua uliojaa maji mjini Fort Myers. Wengi wakacheka. Shirika la habari la AP likaihakiki, na video ilikuwa ya kweli, ya mahali pale na siku ile, na baadhi ya wataalamu walioitazama walisema anaonekana kuwa papa mchanga. Tulikuwa tumejifunza kutomwamini papa, basi. Kuhakiki hatukujifunza.

Sikumwambia mhariri jambo la pili, ila hapa nalisema. Miaka kadhaa nyuma niliandika "si ya kweli" chini ya picha ya kitanda kilichoning'inia kwenye nyaya za umeme, kwa sababu niliona vivuli havilingani. Ilikuwa ya kweli. Kulikuwa na taa ya gari pembeni ambayo sikuiona. Mwenye kitanda alinipigia simu, wala hakunigombeza. Aliuliza tu: "Sasa nani atatuamini?" Tangu siku hiyo neno "feki" silitoi mdomoni kirahisi.

Saa 3:00 asubuhi

Picha nyingine zinapita upesi. Ya uwanja wa ndege uliofurika ni ya dhoruba ya zamani, sekunde kumi tu. Ya mtoto analia ndani ya mtumbwi ni ya kutengenezwa: nimezikuta nakala mbili, na kati ya moja na nyingine mtumbwi umebadilika na vidole vimeongezeka. Ni ndugu wa yule msichana na mtoto wa mbwa ndani ya boti, picha ya akili mnemba iliyosambaa baada ya kimbunga Helene mwaka 2024.

Saa 4:30 asubuhi

Narudi kwa mnazi. Sasa nautafuta mwanzo wake. Kila picha inapohifadhiwa na kutumwa upya kwa WhatsApp hubanwa na kupoteza ukali, kwa hiyo nakala kali zaidi mara nyingi ndiyo iliyo karibu na chanzo. Natoka kundi moja hadi jingine, naomba watu wanitumie walichonacho, nalinganisha saa na ukubwa wa faili. Nakala ya jana saa 1:20 asubuhi ni pana kuliko zote. Upande wa kulia, sehemu ambayo wasambazaji waliikata, kuna nyumba.

Juu ya nyumba, paa lina pengo.

Aliyeituma ni kijana. "Si yangu, ni ya mama mkubwa. Yeye ndiye aliyepiga." Ananipa namba baada ya kumwomba ruhusa mwenyewe.

Saa 6:10 mchana

"Shikamoo, mama. Poleni sana na yaliyowafika."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa. Watu wote wazima."

Kwanza tunaongea habari za watu, kisha za picha. Ameshasikia kwamba mtandaoni anaitwa mwongo, na sauti yake inaonyesha. Namwomba mambo mawili: anitumie picha ileile kama dokumenti, siyo kama picha, ili taarifa zilizomo ndani ya faili zisifutwe njiani, na ikiwa hana kazi, anichukulie video akiuzunguka mti taratibu, simu ikiwa wazi muda wote bila kukatisha.

"Simu yangu iliingia maji, inazimikazimika. Lakini nitajaribu."

Saa 8:00 mchana

Vyote viwili vimefika. Saa nzima ninayoipenda kuliko zote ni hii.

Mnazi hauna mbao kama za msonobari. Hauna pete za miaka. Pembeni ni mgumu, na kadiri unavyoingia ndani unakuta nyuzi zilizotawanyika ndani ya nyama laini yenye maji. Mti wa mbao ngumu ukipigwa hivyo ungeweza kupasuka kwa urefu. Mnazi unatobolewa na kubaki umesimama. Kwa hiyo lile walilolishangaa wengi, kwamba "mbona mti haujapasuka?", ndilo linaloiunga mkono picha.

Naikuza sehemu ulipoingilia ubao. Nyuzi zimekunjwa kuelekea ndani, zimesukumwa. Nakwenda upande wa pili kwenye video: pale zimechanua nje kama brashi iliyochakaa. Mtu aliyetoboa kwa patasi au msumeno angeacha kingo zilizonyooka, na hapa hakuna. Kisha naona kitu kinachonifanya niisimamishe video. Ubao wenyewe ni papi la paa, yaani ubao wa kupigiliwa mabati. Una msumari wa bati uliopinda, na msumari bado umeshika kijipande cha bati, kidogo kama ukucha. Katika picha kinaonekana kwa mbele. Katika video, mama anapozunguka, nakiona kwa nyuma, mahali pake palepale, na mwanga umebadilika inavyopasa.

Mwenzangu wa meza ya pili amepitisha nakala ya WhatsApp kwenye programu ya kupima viwango vya mbano, akaniletea akiwa na wasiwasi: kingo za ubao zinang'aa. Zinang'aa, ndiyo, kwa sababu ni kingo kali mbele ya anga jeupe, na nakala imebanwa mara nyingi. Kipimo kile kina kazi yake, ila peke yake hakimtii mtu hatiani.

Saa 9:30 alasiri

Faili linasema picha ilipigwa jana saa 12:52 asubuhi. Saa ya simu inaweza kudanganya, kwa hiyo naliuliza jua. Vivuli vya picha ni virefu na hafifu. Naweka mahali, tarehe na saa kwenye SunCalc, tovuti inayoonyesha jua lilikuwa upande gani, na mwelekeo unakubali. Picha ya satelaiti inanionyesha nyumba, mti, na njia inayopita kati yao. Narudi kwenye picha pana na video: kwenye paa, papi zilizobaki zimepangwa kwa nafasi sawa, na moja haipo. Pengo liko upande upepo ulikotokea, na miti mingine iliyoanguka nyuma ya nyumba imelala kuelekea kulekule ulikoelekea ubao.

Saa 10:45 jioni

Inabaki ile "kilomita 400 kwa saa". Hapa ndipo wengi huchoka, wanaona picha ikishakuwa ya kweli basi na maneno yake ni ya kweli.

Vyumba vya kujikinga na tufani kali kabisa nchini Marekani hujaribiwa kwa ubao wa kilo 6.8 unaofyatuliwa kwa mzinga wa hewa kwa kilomita 161 kwa saa, na jaribio hilo linawakilisha upepo wa kilomita 402 kwa saa. Yaani ubao unaoruka huenda polepole sana kuliko upepo unaoubeba, na vitu hivyo viwili havibadilishani namba. Mnazi uliotobolewa haukupi kasi ya upepo. Wataalamu hupima kwa kutazama nyumba na miti ya aina nyingi. Kipimo cha EF, kinachotumika Marekani kukadiria nguvu za tufani kutokana na uharibifu, kina viashiria 28, na daraja lake la juu linaanzia zaidi ya kilomita 322 kwa saa. Upepo wa kilomita 400 usingeacha nyumba ya kawaida yenye pengo moja la papi. Ungeacha sakafu.

Saa 12:20 jioni

Tunachapisha: picha ni ya kweli, imepigwa asubuhi baada ya dhoruba, kasi iliyoandikwa chini yake haina ushahidi. Tumeweka nakala pana yenye nyumba, uso wa mama haumo, na mahali hatukupataja, kwa ombi lake. Mhariri ameisoma mara mbili, akaipitisha bila kubadilisha neno.

Saa 3:05 usiku

Ujumbe wa sauti kutoka kwa mama, kwa simu ya mwanawe. Yake imezimika moja kwa moja na picha zote zimepotelea humo. "Mwanangu, wewe si unayo ile ya mnazi? Kesho wanakuja kuukata, umeanza kuinamia nyumba."

Nimemrudishia zote mbili, picha na video, kama dokumenti.