Dogo, funga hilo bomba!

Jumamosi nafika kiwandani nakuta dogo mpya kashavuta mpira wa maji mpaka chini ya chekeche, anataka kuosha mashine, na anachekelea eti "bosi leo patang'aa". Nikapiga kelele, dogo funga hilo bomba! Akanuna.

Jamani sisi tunasaga sembe. Bakteria kama salmonela kwenye unga mkavu hawazaliani, ila hawafi pia, wanaweza kukaa humo miezi wametulia tu, we waletee maji kidogo uone. Na maji yakishaingia kwenye mashine ya unga hayatoki yote. Mwaka jana tulifungua kona ya bomba pale unga unapopandia, maana palikuwa pananukia kama togwa, tukakuta kwenye maungio unga umeganda kama saruji, ukiuvunja ndani kijani kitupu, ukungu. Na kwa nje pasafi, panateleza! Kumbe kuna mtu alikuwa anapiga maji kila wikiendi.

Kwa hiyo sie ni kukavu kukavu. Unazima umeme, swichi unapiga kufuli na ufunguo unakaa nao mfukoni, unaanza juu unashuka. Kikwangulio cha plastiki kwanza, halafu brashi ngumu, kwenye nati na kwenye mishono ya welding mi natumia mswaki, kweli mswaki, hakuna kinachoingia pale zaidi. Kisha unafyonza na vakyumu. Kompresa watu wanaipenda kwa sababu fyuuu mara moja panaonekana peupe, ila vumbi limehamia tu kwenye kenchi, kesho linakushukia kwenye unga, tena vumbi la unga likitanda hewani likakutana na cheche linalipuka kama petroli, sitanii. Hata vakyumu yenyewe isiwe ile ya nyumbani ya kufyonzea zulia.

Spiriti ya asilimia 70 inakuja mwisho, kwenye kitambaa, mota zikiwa zimepoa na vumbi limeisha, ukipaka juu ya vumbi unakanda ugali tu. Tukiwasha, kilo chache za kwanza tunazimwaga.

Saa sita dogo katoka chini ya chekeche uso mweupe, kope nyeupe, ananiuliza, "Bosi, huu mswaki si wako wa nyumbani kweli?"

Nikamwambia we swaki tu.