Mkija Tanga, msigeuze siku hiyo hiyo

"Waja leo, waondoka leo," ndivyo Tanga inavyosemwa, na wageni wengi wanayafanya maneno hayo kuwa kweli. Wanashuka basi, wanaingia Mapango ya Amboni, wanapiga picha Raskazone, jioni wapo njiani kurudi Dar. Amboni pazuri, tena ni karibu na mji kwa barabara ya Horohoro. Asubuhi moja inatosha. Lakini kila likizo napokea mawifi na watoto wao kutoka Dodoma, na huwa nawaambia: jamani, shikeni barabara ya Pangani, na mkalale huko huko.

Simameni kwanza Tongoni. Magofu yako kando ya kijiji, karibu na mikoko, na magari mengi hupita bila kupunguza mwendo. Kuna msikiti wa mawe ya matumbawe usio na paa, na makaburi yapatayo 40, mengi yakiwa ya nguzo, ya zama ambazo miji ya mwambao huu ilifanya biashara na Uajemi na China. Nguzo nyingi zimeanguka. Inameni mtazame mojawapo kwa karibu: chokaa imeachwa na vishimo vya duara, vipana kama kisahani cha chai. Humo zilipachikwa bakuli za kaure kumpamba marehemu. Bakuli hazipo tena, na kila nikipitisha kidole kwenye vile vishimo roho inaniuma. Watoto wasipande juu ya makaburi hata kwa ajili ya picha. Waliolala pale ni watu wetu.

Pangani mjini mtembee kwa miguu, alasiri jua likishapungua. Angalieni nyumba za zamani zenye milango ya nakshi, boma, na kivuko kinachowavusha watu kwenda Bweni. Wasimulieni vijana habari za Abushiri, aliyewaongoza watu wa pwani kupigana na Wajerumani mwaka 1888, akanyongwa hapa Pangani Desemba 1889. Mawifi wadogo walisoma jina lake shuleni, ila hawakujua kwamba walikuwa wanakanyaga mji wenyewe.

Sasa Maziwe. Hapa ndipo watu wanapokosea, maana wanapanga safari kwa kalenda ya ofisi badala ya kuutazama mwezi. Maziwe ni fungu la mchanga lililozungukwa na matumbawe; maji ya bamvua (siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida) yakijaa, lote linamezwa. Zamani lilikuwa na mivinje, na kasa walikuja kutaga kwa wingi. Miti ikaisha, mchanga ukaliwa na bahari, na siku hizi mayai yanayoonekana huhamishiwa ufukwe wa Ushongo yasije yakafa maji. Kwa hiyo nendeni siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, kwa sababu siku hizo maji hupwa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, na mtapata mchanga mpana wa kutembea na maji meupe ya kuogelea juu ya matumbawe. Nahodha akisema, "Mama, tupakie, maji yanapanda," msibishane naye. Kusi, ule upepo wa kutoka kusini, likikaza, kati ya Juni na Agosti, chombo kinarushwa sana. Kama mna watoto wadogo, subirini litulie.

Wenye siku mbili zaidi wapande Amani. Mnapita Muheza (nunueni machungwa hapo, ni matamu kuliko ya popote), kisha njia inaacha lami na kuanza kupanda Usambara Mashariki, chai upande huu, iliki na mdalasini kwenye mashamba ya wanakijiji upande ule. Wajerumani walianzisha bustani ya mimea huko mwaka 1902, na miti waliyoileta kutoka pande zote za dunia bado imesimama. Ila mimi napenda zaidi kile kiua cha zambarau kinachoota chenyewe kwenye miamba yenye kivuli, karibu na vijito. Ulaya wanakifuga dirishani kwenye vyungu. Kwao asili ni milima yetu hii. Mwombeni mwongozaji awaonyeshe, maana ni kidogo na mtu hukipita hivi hivi.

Bebeni sweta, usiku wa Amani ni baridi kweli. Wakati wa masika ile njia inateleza, hivyo msipeleke gari dogo, na kama mnategemea usafiri wa abiria, ulizieni mapema stendi ya Muheza.