Kipengele cha jamii kwenye fomu ya tuzo

Jumapili jioni

Msimu wa tuzo za wahandisi vijana ukifika, panapoangusha wengi si kwenye mahesabu. Kijana anaeleza daraja lake au mfumo wake wa umeme vizuri kabisa. Akifika palipoandikwa "mchango kwa jamii", anaweka mistari mitatu: tulitembelea shule, tulipanda miti, tulikarabati kisima. Inaniuma, maana mara nyingi kazi yenyewe ni kubwa kuliko maelezo.

Chukua hicho kisima. Tuseme pampu ni Afridev, ile ya mkono inayovuta maji hadi kina cha mita 45 hivi, iliyoundwa ili wanakijiji waifungue wenyewe kwa spana moja. Jaji anayeijua atauliza kilichoharibika ni nini. Ukipampu maji yakatoka papo hapo lakini kidogo, kwa kawaida sili ya pistoni, yaani mpira unaozuia maji yasipenye pembeni mwa pistoni, imechakaa. Ikikaa saa moja bila kutumika, kisha ukapampu mara nyingi ndipo maji yatoke, angalia vali ya chini (mlango unaozuia maji yasishuke) au maungio ya bomba, kwa sababu maji yanarudi kisimani. Andika ulikuta lipi. Kisha pima: ndoo ya lita 20 na saa ya simu vinatosha. Ndoo ikijaa kwa sekunde 75, hiyo ni lita 16 kwa dakika. Pima kabla ya ukarabati, baada yake, na tena baada ya miezi mitatu. Hicho kipimo cha tatu ndicho karibu kila fomu inakikosa, na ndicho kinachoonyesha kama kijijini kuna mtu mwenye sili ya akiba na anayejua kuibadilisha.

Idadi ya wanufaika nayo iandikwe kwa uangalifu. Usichukue watu wa kata nzima. Hesabu kaya zinazochota pale.

Mwaka 2015 tuzo ya Africa Prize, ya ubunifu wa kihandisi barani Afrika, inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, ilipata mshindi wake wa kwanza: Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha. Kichujio chake cha maji kinaunganisha mchanga na nanoteknolojia, yaani chembe ndogo mno zinazonasa uchafu, na kinarekebishwa kufuata uchafu wa maji ya mahali husika. Anayeishi karibu na Mlima Meru anaelewa uzito wa jambo hilo, kwa sababu maji ya huko yana floridi nyingi, madini yanayoharibu meno na mifupa yakizidi, na floridi haiondoki kwa kuchemsha. Mwaka 2022 akashinda Norah Magero wa Kenya kwa VacciBox, jokofu la lita 40 la nishati ya jua linalobebeka, la kutunza chanjo kule ambako umeme haufiki. Kwa wote wawili jamii imo ndani ya usanifu wenyewe, haikubandikwa mwishoni.

Kuna jambo moja la lugha. Adabu zetu zinatusukuma kusema "tuli-" hata pale mtu alipofanya peke yake. Kwenye fomu, "tulisanifu" inamwacha jaji gizani. Andika: tulikuwa sita, mimi nilikokotoa kina cha kisima na kuchagua bomba, wenzangu wakachimba na kufunga. Hapo hujajisifu, na wenzako hujawanyang'anya.

Watakaokuandikia barua za udhamini uwaombe wiki nne kabla, pamoja na rasimu ya maelezo yako ili wasirudie maneno matupu ya "kijana mwadilifu, mchapakazi". Mmoja awe mhandisi aliyesajiliwa aliyeiona kazi. Kwa upande wa jamii, barua ya mtendaji wa kijiji yenye muhuri, tarehe na namba ya simu inayopatikana ina uzito kuliko picha ishirini za makabidhiano.

Kabla ya kutuma, piga simu kijijini uulize pampu ikoje leo. Kama imesimama, usiifute kwenye fomu. Andika ilifanya kazi miezi mingapi, kilichokatika ni nini, na mmebadilisha nini kwenye inayofuata.