Mvuvi wangu, wiki ya saba: kigasha kimekubali

Wiki iliyopita niliishia pabaya. Mvuvi wa gemu langu anatembea, anachuchumaa, anapanda ngalawa bila taabu. Lakini kila akigeuza kopo ili amwage maji aliyokumba, mkono unasinyaa juu ya kifundo kama kanga inayokamuliwa.

Kumvalisha mhusika ngozi ni kuiambia kila nukta ya mwili wake ifuate mfupa upi, na kwa uzito gani. Blender, programu ninamomchonga na kumtembeza mvuvi, huonyesha uzito kwa rangi: bluu haifuati kabisa, nyekundu inafuata mzimamzima. Programu ilipogawa uzito yenyewe, miguu ilitoka vizuri. Kwapa nililipaka upya jioni mbili, maana mbavu zilikuwa zikiinuka pamoja na mkono. Kiwiko kilitulia nilipokizungushia pete tatu za nukta.

Kigasha ndicho kilichonitesa, na kosa halikuwa la rangi, lilikuwa la hesabu. Nukta inayofuata kigasha nusu na kiganja nusu huwekwa katikati ya pale kila mfupa unapotaka iende. Chora duara, tia alama mbili kwenye mzingo wake, ziunganishe kwa mstari ulionyooka: katikati ya mstari huo iko ndani ya duara. Kiganja kikigeuka nyuzi 90, unene wa pale hushuka hadi asilimia 71. Kikifika nyuzi 180, hakibaki kitu. Blender ina kisanduku cha kuhifadhi ujazo, kinachotumia hesabu nyingine, na humo mkono ulipendeza. Nilipouhamishia Godot, programu ninamoliundia gemu lenyewe, ukasinyaa tena, kwa sababu huko inatumika hesabu ile ya kwanza.

Jumamosi alfajiri nikashuka ufukweni hapa Bagamoyo, upande wa soko la samaki. Mzee mmoja alikuwa anakumba maji kwenye ngalawa yake. Nikamwamkia, nikamwomba ruhusa nimrekodi kwa simu akigeuza kopo polepole.

"Unakitazama kiganja tu, mwanangu," akaniambia. "Tazama huku." Akajigusa chini ya kiwiko.

Nimeirudia ile video sijui mara ngapi. Kigasha kina mifupa miwili, na kiganja kikigeuka mmoja hupita juu ya mwenzake. Ngozi ya karibu na kiwiko husogea kidogo sana. Kadiri unavyoshuka ndivyo inavyozidi kuzunguka. Mvuvi wangu alikuwa na mfupa mmoja tu, mgeuko wote ukalundikana kwenye kifundo.

Basi nikaukata mfupa ule vipande viwili. Kipande cha mbele kinaiga nusu ya mgeuko wa kiganja, kwenye mhimili wa Y peke yake, yaani kwa urefu wa mfupa. Nyuzi 90 zikawa 45 na 45, na unene haushuki chini ya asilimia 92. Kabla ya kuhamisha, mgeuko huo lazima uandikwe fremu kwa fremu, kwani sharti la kuiga, yaani ile amri ya Blender inayoufanya mfupa mmoja uige mwingine, halisafiri na faili.

Usiku huo nilimwacha akumbe maji mfululizo. Anachota, anageuza, anamwaga, na ule mshipa niliomchongea kwenye kigasha unazunguka taratibu kama wa yule mzee. Nilifurahi mno.

Sasa umebaki msuli, ile nguo aliyojifunga kiunoni. Nimenakili uzito wa mapaja kwenye kitambaa, magoti hayatokezi tena akichuchumaa, lakini akitembea kitambaa kinaufuata kila mguu peke yake kama suruali. Wiki hii naongeza mifupa ya kitambaa chenyewe, mbele na nyuma.