Siku moja maishani mwangu: milimita nne za mguu

Saa 12:15 asubuhi
Nipo kwenye basi kuelekea kusini mwa Birmingham. Ni Januari na nje giza bado. Kutapambazuka nikiwa kazini tayari. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo, mtoto wa Tanga, na wagonjwa wangu wengi ni watoto waliotolewa kansa ya mfupa bila kukatwa mguu. Nyumbani nikieleza hivyo wanadhani mimi ndiye ninayeshika kisu. Mwenye kisu humaliza kazi yake kwa saa chache. Sisi tunabaki na mtoto kwa miezi.

Hadi miaka ya 1970 mtoto mwenye osteosakoma, kansa inayopenda kuota karibu na goti wakati mtoto anarefuka, kwa kawaida alikatwa mguu. Na bado wengi walifariki, maana ugonjwa ulikuwa umeshafika mapafuni kabla ya kuonekana. Tibakemikali, yaani dawa za kuua kansa, ndiyo iliyobadili mambo. Siku hizi wengi wanabaki na mguu wao, ila ndani yake kuna kipande cha chuma.

Saa 2:00 asubuhi
Kikao kifupi. Eksirei zinapita kwenye skrini, nani katoka upasuaji, nani ana homa, nani anaruhusiwa kwenda nyumbani. England nzima ina vituo vitano tu vya upasuaji wa aina hii, kwa hiyo wodi yetu ina familia zilizotoka mbali, na akina mama wanaolala kwenye viti vya kukunjua.

Saa 2:45 asubuhi
Naanza na mvulana wa miaka 11, siku ya tatu baada ya upasuaji. Nesi ameshampa dawa ya maumivu nusu saa iliyopita. Bila hiyo hata shuka simfunulii. Mama yake ni mtu wa Bukavu, mashariki mwa Congo, kwa hiyo hapa naongea Kiswahili, jambo ambalo bado linanipa raha.

"Docta, mutoto atasimama leo?"

Nimeshamwambia mimi si daktari. Hasikii, na mtoto naye ananiita tonton, yaani mjomba kwa Kifaransa.

Kabla ya kumgusa namweleza tena kilichofanyika, kwa sababu siku ya kwanza alikuwa na usingizi wa dawa. Alianza na wiki kumi za tibakemikali ili uvimbe unywee na mbegu za kansa zilizotawanyika mwilini zishambuliwe. Kisha wakakata sehemu ya chini ya mfupa wa paja pamoja na uvimbe na nyama kidogo nzima kuuzunguka. Mahali pake pamewekwa chuma chenye mpini mrefu unaoingia ndani ya mfupa uliobaki, na chini yake goti la bawaba. Mishipa mikubwa ya damu na ya fahamu ilisogezwa pembeni ikabaki. Sehemu ya misuli ya paja haikubaki, na hiyo ndiyo shida yangu mimi.

Misuli iliyobaki imelala. Namwambia abonyeze goti kitandani, kama anaponda mende kwa nyuma ya goti. Hakuna kitu. Tena. Hakuna. Mara ya nne hivi naona ngozi juu ya goti inatikisika kidogo sana, na mama anaona pia, akapiga makofi hadi nesi akachungulia.

Tunakaa ukingoni mwa kitanda. Mtoto anageuka rangi, presha imeshuka, tunangoja. Halafu magongo, mimi mbele, mwenzangu nyuma. Anasimama. "Tonton, inauma sana." Najua, baba. Anakaa tena kitini, analia, na mimi naandika: goti linakunjika nyuzi 30, amesimama chini ya dakika moja. Kwa siku ya tatu hayo ni mazuri, ingawa kumshawishi mtu anayelia ni kazi nyingine.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mshono. Ukipona, anarudi kwenye tibakemikali, miezi mingine kadhaa. Usipopona, dawa zinasubiri, na kansa haina subira. Bakteria wakikaa kwenye chuma huwa vigumu mno kuwatoa. Wakati mwingine lazima chuma chenyewe kitolewe. Ndiyo maana mjomba aliyekuja na mafua alizuiwa mlangoni, akanuna.

Saa 5:00 asubuhi
Binti wa miaka 14, yeye chuma chake kiko chini ya goti. Kanuna kuliko yule mjomba, na ana haki. Wakati wenzake wanahimizwa kukunja, yeye amefungwa mguu ukiwa umenyooka kwa wiki kadhaa, kwa sababu kano ya goti ilitolewa kwenye mfupa ikashonewa upya. Akikunja mapema itachomoka, na hataweza kunyoosha mguu vizuri tena. Tunafanyia kazi nyonga na kifundo. Kinywa chake kilikuwa na vidonda vya methotreksati, mojawapo ya dawa za tibakemikali, sasa vimepona, na leo ameomba chipsi. Nimefurahi kuliko alivyofurahi yeye.

Saa 7:00 mchana
Wali na mchuzi wa jana. Sauti ya WhatsApp kutoka kwa binamu: kijana wa jirani, goti limevimba huu mwezi wa pili sasa, linamuuma usiku, wanamkanda na kumchua. Namjibu kwa ukali ambao pengine haukustahili: acheni kuchua, kapigeni eksirei wiki hii. Mara nyingi si kansa. Lakini maumivu ya mfupa yanayomwamsha mtoto usiku, na uvimbe usioondoka, hayatibiwi kwa mafuta ya kuchulia. Tatizo ni kwamba mtoto wa umri huo kila siku kaanguka mpirani, na kila goti lina hadithi tayari.

Saa 8:00 mchana
Hii ndiyo saa ninayoipenda. Kijana wa miaka 13, miaka miwili tangu afanyiwe upasuaji, amekuja kurefushwa. Ncha ya chini ya mfupa wa paja huongeza karibu sentimita moja kwa mwaka, naye ncha hiyo hana tena. Mguu mzima unaendelea kukua, wenye chuma unabaki nyuma. Zamani kila kurefusha kulihitaji upasuaji mwingine. Kuanzia mwaka 2002, huko Stanmore, London, wakaanza kuweka chuma chenye sumaku na gia ndogo ndani.

Anaingiza mguu kwenye duara la mashine. Uga wa sumaku unazunguka nje, sumaku ya ndani inazunguka nao, gia zinapunguza mwendo mpaka chuma kinasogea milimita moja kwa dakika nne. Hakuna sindano wala dawa ya usingizi. Leo ni milimita nne, basi dakika 16, na yeye anacheza mchezo kwenye simu. Ana vifaa vya masikioni, kwa sababu sisplatini, dawa nyingine ya tibakemikali, ilimwondolea uwezo wa kusikia sauti nyembamba, kwa hiyo namkalia mbele ili aone midomo yangu.

Baadaye goti limekaza, kama kawaida: misuli na mishipa imevutwa ghafla. Nataka linyooke kabisa kabla hajaondoka. Linanyooka. Mama yake anapima viatu kwa macho, nyayo zote mbili sakafuni, anatabasamu.

Saa 10:00 jioni
Simu shuleni kwa kijana mwingine. Mwalimu wa michezo anauliza kama anaweza kukaa golini tu. Hapana. Kuruka na kuangukiana kunaweza kulegeza chuma au kuvunja mfupa unaokishika. Kuogelea sawa, baiskeli sawa. Nimeandika barua, ukurasa mmoja, nikaipiga mstari sehemu ya golini.

Saa 10:45 jioni
Wodini tena. Mama wa Bukavu ananiuliza kama atacheza mupira. Namwambia hapana, si ule wa kugongana, na namwambia mbele ya mtoto, kwani akijua baadaye kwa mtu mwingine hataniamini kwenye lolote. Mtoto ananyamaza, halafu anauliza kuhusu kuogelea. Hajui kuogelea. Namjibu tutaanza bwawani mshono ukishafunga. Sasa abonyeze goti mara kumi. Anafika sita.