Kumfuata Harold Arlen, kutoka Harlem hadi Hartsdale

Basi la watalii lilisimama Mtaa wa 125, kiongozi akashika kipaza sauti na kututangazia kwamba hapa ndipo Cotton Club, ile klabu ya muziki ya Harlem, hapa ndipo Duke Ellington alipopiga na Ethel Waters akaimba "Stormy Weather" mwaka 1933. Abiria wote wakatoa simu kupiga picha. Uongo mtupu. Ukumbi wa Mtaa wa 125 ulichukua jina tu, tena miongo kadhaa baadaye. Cotton Club yenyewe ilikuwa ghorofani, kona ya Lenox Avenue na Mtaa wa 142. Ikahama Harlem mwaka 1936, na jengo lake lilikwisha kubomolewa zamani kupisha nyumba za kupanga. Nilipomuuliza kiongozi, alisema barabara ya kule ni nyembamba kwa basi. Lenox Avenue, nyembamba! Dola 49 zikaenda hivyo, na maji ya chupa dola 4 juu yake.

Anayetaka kufika mwenyewe apande treni ya chini ya ardhi namba 3, ashuke 145, arudi kusini mitaa mitatu kwa miguu. Namba 2 inatumia reli hiyohiyo mpaka kituo cha 135, halafu inakata kulia, inapita chini ya mto na kumtua mtu Bronx. Pale 142 utakuta majengo marefu ya makazi na watu wanaotoka dukani na mifuko yao.

Niliyemfuata New York ni Harold Arlen, mtunzi wa muziki wa hiyo "Stormy Weather". Jina hilo nikilitaja Dar es Salaam, watu hukunja uso. Nikipiga mluzi wa "Over the Rainbow" hata mtoto anaudaka, ingawa wengi wameujua kwa yule bwana wa Hawaii na ukulele yake, Israel Kamakawiwoʻole. Arlen alizaliwa Buffalo mwaka 1905 kwa jina la Hyman Arluck. Baba yake alikuwa mwimbishaji wa sala katika sinagogi, naye aliingia kwaya ya baba akiwa na miaka saba. New York alikwenda akitaka kuwa mwimbaji. Utunzi ulimjia mazoezini mwaka 1929, alipokuwa amekalia piano kwa niaba ya mpigaji aliyeugua. Kila wachezaji walipotakiwa kuanza upya, ilibidi apige vipimo viwili (kipimo ni fungu dogo la mapigo ya wimbo) vya kuwaita. Akachoka kurudia vilevile, akaanza kuvichezea, na vile vipimo vikawa wimbo: "Get Happy", wa mwaka 1930, kwa maneno ya Ted Koehler. Onyesho lenyewe lilifungwa mapema, wimbo ukabaki mjini. Ndipo wawili hao wakachukuliwa na Cotton Club, ambako mwenye mali alikuwa jambazi Owney Madden, waimbaji na wapigaji wote walikuwa weusi, na wateja walioruhusiwa mezani walikuwa weupe.

Siku zilizofuata sina la kuzieleza. Broadway, mtaa wa majumba ya maonyesho ya muziki, nilikwenda, kwenye kile kibanda chekundu cha tiketi za punguzo katika uwanja wa Duffy, Mtaa wa 47. Ukisikia punguzo la nusu bei usichangamke, maana nusu ya bei ya Broadway bado ni kodi ya chumba cha mwezi kwa watu wengi wa kwetu, na juu yake kuna ada ya huduma. Kiti changu kilikuwa nyuma ya nguzo.

Kilichonifidia ni maktaba ya sanaa za maonyesho pale Lincoln Center. Kuingia ni bure kabisa. Kwenye chumba cha nyaraka unaacha begi na koti nje, unaingia na penseli. Meza ya pili yangu alikaa mzee mmoja mwembamba, miwani miwili shingoni, akinakili sauti ya klarineti kutoka daftari la zamani. Aliona ninachosoma, akaniuliza kwa kunong'ona kama napiga ala yoyote. Nikamwambia nimeimba kwaya ya kanisa na nasoma solfa, yaani do, re, mi. Alicheka kwa furaha: Mwafrika mwenye solfa, kumbe bado ipo! Amekuwa mpiga piano wa mazoezi maisha yake yote, kazi ileile aliyoanzia Arlen. Mchana akanipeleka kwenye vyumba vya mazoezi vya kukodi huko Eighth Avenue. Chumba kina piano moja, kioo ukuta mzima na kiyoyozi kinachonguruma, dola 25 kwa saa, nikalipa mimi. Katika fedha zote nilizotoa New York, hizo tu sizijutii.

Alianza na hesabu. Wimbo wa kawaida wa zama zile una vipimo 32, vipande vinne vya vipimo vinane: cha kwanza, kinarudiwa, kinakuja cha tofauti kinachoitwa daraja, halafu cha kwanza tena. "Over the Rainbow" umefuata hivyo hivyo. Ajabu yake iko katika noti mbili za mwanzo, do ya chini kwenda do ya juu moja kwa moja, bila ngazi katikati. Mruko unaofuata ni mfupi zaidi, do kwenda la. Kuruka oktavu nzima kwenye neno la kwanza ni hatari, kwa sababu mwimbaji hajapasha koo na akianza juu kidogo tu amekwama. Watunzi wengi huuweka mruko wa namna hiyo karibu na mwisho. Darajani Arlen akafanya kinyume: sol-mi, sol-mi, haraka haraka, kama mtoto anayejifunza kuweka vidole. Koo linapumzika, sikio pia, na ule mruko ukirudi unasikika mpya.

Halafu akanipigia wimbo huo mara mbili. Mara ya kwanza pole pole, kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) nene za vidole vyote kumi, mguu hautoki kwenye kanyagio. Ukajaa chumba kama wimbo wa kumsindikiza waziri kaburini. Hivi ndivyo Arlen alivyompigia Yip Harburg, mwandishi wa maneno, mwaka 1938, walipokuwa wakitunga nyimbo za filamu ya "The Wizard of Oz". Sauti yenyewe ilikuwa imemjia garini, mkewe Anya akiendesha, mbele ya duka la dawa la Schwab huko Sunset Boulevard, akaiandika palepale. Harburg akakataa, akisema huo ni wimbo wa mwanaume mwenye sauti ya opera, si wa msichana wa shamba la Kansas. Wakamwita Ira Gershwin, mwandishi mwingine wa maneno ya nyimbo, aamue, naye akamwambia Arlen apige kwa mwendo wa kasi kidogo na kodi nyepesi. Mzee akapiga mara ya pili kwa namna hiyo, mkono wa kushoto noti mojamoja, kanyagio ameliacha. Noti zilezile, na msichana akaonekana. Somo alilonipa hapo ni kwamba mtunzi akiogopa wimbo hautoshi huujazia kodi, na wanaosikiliza hukataa mzigo wakidhani wanakataa sauti.

Habari za filamu alizieleza kwa dharau kidogo. MGM, studio ya Hollywood iliyotengeneza filamu hiyo, iliwapa Arlen na Harburg mkataba wa wiki 14 kwa dola 25,000, sehemu yake ikiwa ni malipo ya awali ya haki zao. Studio za Hollywood zilirekodi wimbo kwanza, kisha mwigizaji akafungua mdomo mbele ya kamera akifuata sauti yake mwenyewe. Judy Garland, aliyeigiza yule msichana wa Kansas, alirekodi tarehe 7 Oktoba 1938, akiwa na miaka 16. Filamu inapita picha 24 kwa sekunde, kwa hiyo mwendo wa muziki unaweza kuhesabiwa kwa picha: pigo moja kila picha 12 ni mapigo 120 kwa dakika, pigo kila picha 16 ni 90. Alikuwa ananipigia kwa kalamu juu ya piano huku akihesabu. Baada ya hapo mtunzi hana kauli. Wimbo wa "Jitterbug" katika filamu ileile ulipigwa picha kwa wiki tano, ukagharimu dola 80,000, ukakatwa. "Over the Rainbow" nao ulikatwa baada ya onyesho la majaribio, wakubwa wakilalamika kwamba unachelewesha hadithi na kwamba msichana anaimbaje kwenye ua wa mifugo. Arthur Freed, msaidizi wa mtayarishaji, ndiye aliyeupigania mpaka ukarudishwa. Mwaka 1940 ukapata Oscar.

Broadway taabu ni nyingine, na hapo mzee alisimama kabisa kueleza. Mtunzi analeta karatasi ya sauti, maneno na kodi. Mpangaji wa ala, yule anayeigawia kila ala sehemu yake, hawezi kuanza mpaka ajue ufunguo, yaani do ya wimbo iko kwenye noti gani, ufunguo haujulikani mpaka mwimbaji apatikane, na mwimbaji akibadilishwa kila kitu kinaanza upya. Baadaye wanakili wanaandika kitabu kimoja kwa kila kiti cha okestra. Enzi za Arlen onyesho lilijaribiwa kwanza Boston au Philadelphia. Wimbo ukikatwa huko usiku wa Jumanne, wanakili wanakesha hotelini, Jumatano mchana kitabu kipya kiko kila kitini. Makosa hutokea palepale. Klarineti ya kawaida huandikwa sauti moja nzima juu ya inavyosikika, na mnakili mwenye usingizi hulisahau hilo. Kosa lingine ni la kusahau kwamba mpulizaji mmoja anashika filimbi, klarineti na saksafoni. Ukimwachia vipimo viwili vya mwendo wa kasi abadilishe ala, ataingia amechelewa, na ala iliyokaa chini baridi itaanza chini ya sauti. Mzee anataka angalau vipimo vinane.

Nilimuuliza kwa nini Arlen hakuwa na majina makubwa ya maonyesho kama wengine. Akaorodhesha kwa vidole: "Bloomer Girl" ya 1944 ilipita maonyesho 650, "St. Louis Woman" ya 1946 ikafa kwenye 113, "House of Flowers" ya 1954 ikafika 165, "Saratoga" ya 1959 ikaishia 80. Hadithi zilikuwa mbovu, akasema, nyimbo hazikuwa na kosa, na "Come Rain or Come Shine" imetoka kwenye lile la 113. Tena Arlen hakukaa ndani ya vipimo 32. "One for My Baby" una 48, "The Man That Got Away" una 62, "That Old Black Magic" una 72, na zama hizo upande mmoja wa sahani ya santuri ulibeba kama dakika tatu. Mchapishaji akiona vipimo 72 anashika kichwa.

Tofauti inayouma ni ya haki. Tangu mkataba wa watunzi wa maonyesho wa mwaka 1926, mtunzi wa Broadway hubaki na mali yake, na neno au noti haibadilishwi bila ridhaa yake. Huko Hollywood studio ndiyo mwenye wimbo. Hata nyumba iliyochapisha "Over the Rainbow", Leo Feist, ilikuwa mkononi mwa MGM. Mtunzi alibakiwa na fungu lake kupitia ASCAP, chama cha watunzi kilichoanzishwa mwaka 1914, wimbo unapopigwa redioni au ukumbini. Majumba ya sinema ya Marekani hayalipi chochote.

Hapo akili yangu ikaruka nyumbani. Bendi ya NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi: wanamuziki wana mshahara, magitaa ni ya chama, na nyimbo zinarekodiwa Radio Tanzania na mikanda inabaki Radio Tanzania. Studio yetu ya MGM ilikuwa pale Barabara ya Pugu. Mshahara ulikuwa jambo jema, Arlen mwenyewe alifuata Hollywood kwa ajili hiyo. Lakini fungu la pili, lile la kila wimbo unapopigwa, kwetu halikuwepo, na watu waliotunga vibao ambavyo tunavicheza harusini mpaka leo wamekufa wakichangiwa matibabu. Ubishi wa nani alitunga "Malaika" hatujaumaliza hadi sasa. "Over the Rainbow" una karatasi tangu 1939, na inajulikana kwamba haki zake Marekani zitakoma mwisho wa mwaka 2034.

Hollywood sikufika, nauli haikuniruhusu. Nilikwenda Hartsdale, kwenye makaburi ya Ferncliff, alikozikwa Arlen baada ya kufariki Manhattan tarehe 23 Aprili 1986. Unapanda treni ya Harlem Line pale Grand Central. Kata tiketi kwenye mashine kabla ya kupanda, maana ndani ya treni ni ghali zaidi, na subiri saa za watu wa kazini zipite. Kutoka stesheni teksi ilinitoza dola 15 kwa mwendo ambao bodaboda angeona haya kudai elfu tatu.

Ofisini wanakupa ramani. Arlen amelala karibu na Anya, chini ya bamba lililolala sawa na majani, unaweza kulikanyaga usijue. Mtunzi mwenzake Jerome Kern yuko makaburi hayohayo, yule aliyempokonya Arlen Oscar ya mwaka 1941 ya "Blues in the Night" kwa wimbo ambao haukutungwa kwa ajili ya filamu. Kern mwenyewe aliona si haki, na kanuni ikabadilishwa. Judy Garland alikuwa hapa pia tangu 1969, mpaka familia ilipomhamishia Los Angeles mwaka 2017. Mwimbaji Paul Robeson yupo. Malcolm X yupo, na kwake ndiko nilikokuta watu.

Ukienda, chukua namba ya dereva aliyekuleta. Nje ya geti hakuna teksi inayosubiri, na kurudi stesheni kwa miguu ni kupanda na kushuka vilima kwenye barabara ambayo vipande vingine havina njia ya waenda kwa miguu.