Kilwa Kisiwani: mji uliochongwa baharini

Kibali cha kuingia Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale kusini mwa Tanzania, hutolewa Kilwa Masoko, upande wa bara. Ukishakipata unateremka gatini na kupanda mashua, na upepo ukikubali unavuka upesi. Ng'ambo Gereza ndilo linalokupokea: ngome ya Wareno ya mwaka 1505, iliyojengwa upya baadaye na Waomani. Sikukaa sana hapo. Nilichofuata ni Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya kale zaidi ni ya karne ya 11.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kuba utaziona tu. Anza na jiwe."

Mzee anayetembeza wageni alinipeleka hadi ukutani, mahali lipu ilipobanduka. Vitundu vya matumbawe vilionekana wazi, kama sega la nyuki. Kumbe mawe ni ya aina mbili. Ya kujazia kuta ni matumbawe ya kale yaliyobaki nchi kavu, magumu, huvunjwa kwa nyundo na kupangwa bila kuchongwa sana. Ya mihrabu na miimo ya milango yalikatwa baharini yakiwa mabichi. Jiwe hilo likiwa na maji ni laini, linakubali tezo. Likikauka linakuwa gumu na nakshi yake inadumu. Kwa hiyo fundi alilazimika kuchonga mapema. Nilipitisha kidole kwenye ukingo mmoja uliochongwa, bado umenyooka baada ya karne zote hizo!

Kilichoshika mawe hayo ni chokaa, nayo inatoka baharini vilevile. Magogo hupangwa tanuri, matumbawe huwekwa juu, moto huwashwa. Yakishaiva humwagiwa maji hadi yasambaratike kuwa unga, kisha chokaa huachwa itulie kabla ya kuchanganywa na mchanga.

Katika nyumba, boriti za mikoko ndizo zilizoamua upana wa vyumba: karibu mita tatu, basi. Ndiyo maana ni virefu na vyembamba. Msikitini mafundi walitafuta njia nyingine, wakajenga matao na kuba juu ya nguzo, kwa mawe na chokaa tu. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote kisiwani, kuliko hata Husuni Kubwa, kasri la Sultan al-Hasan bin Sulaiman lenye bwawa la pembe nane juu ya jabali.

Niliuliza kuhusu ukarabati. Mzee alitikisa kichwa aliposikia neno saruji. Chokaa hupitisha unyevu. Saruji huuzuia ndani, chumvi ikaganda, jiwe likamomonyoka kutoka ndani. UNESCO iliiandika Kilwa pamoja na magofu ya kisiwa jirani cha Songo Mnara kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1981, ikaiweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kuitoa mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuikarabati. Kazi hiyo haijaisha, maana mvua na mawimbi havipumziki. Anayetaka kuisaidia Kilwa asianze na mifuko ya saruji. Awalipe vijana wa kisiwani wajifunze kuchoma chokaa, wangali wapo wazee wanaoijua.